Mazoezi ya Neno Siyo

Alhamisi, saa tisa na nusu, Kidato cha Tatu B.
Bahi, upepo wa Agosti unatia vumbi hata ndani ya kalamu.
Siwa yetu ni mchi wa kinu wa mama Ndahani,
tumeuvika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara
(anautaka kabla ya magharibi, ana mtama wa kutwanga).
Joho la Spika ni la kwaya, lina nta ya mshumaa kifuani.
Zimebaki siku kumi na mbili
twende Dodoma mjini, ukumbi wa chuo,
shule kumi na nne, bunge moja la mfano.

Mawaziri walipatikana kabla sijamaliza sentensi.
Chilewa keshajua kutembea kiwaziri:
mikono nyuma, mbele tumbo la kuazima.
Karani yupo. Mpambe wa Bunge yupo.
Spika ni Sechelela, ambaye sauti yake hunyamazisha mbuzi.
Nikauliza: na upinzani?
Wote arobaini na mmoja wakatazama sakafu
kana kwamba majibu yameandikwa pale.
Mwisho Lugazo, wa dirishani:
"Mwalimu, kwani inaruhusiwa?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni, ukurasa wa sitini.
Sikulitoa. Nilikohoa, nikasingizia vumbi.

Tukaanza na muswada wa maji.
"Wanaoafiki waseme ndiyo."
Ndiyoooo! Mabati yakaitikia, njiwa wakahama.
"Wasioafiki waseme siyo."
Kimya.
Kuku akapita mlangoni, akachungulia, akaendelea na safari.

Si kosa lao. Tangu chekechea
tunawafundisha kuitikia kwa pamoja:
Mmeelewa? Ndiyo, mwalimu.
Kuna swali? Hapana, mwalimu.
Hapana hiyo ndiyo pekee tuliyowaruhusu.

Nikafuta ubao, nikaandika herufi nne.
Tamkeni.
Ikatoka kama mtoto anayechungulia wageni.
Tena.
Ikatoka imeshikana mkono na kicheko.
Tena, bila kucheka. Siyo si tusi.
Siyo hairushwi kama jiwe,
inawekwa mezani kama risiti.
Ukiisema, sababu iwe mkononi.

Nyemo hakuwa amefungua kinywa tangu Jumatatu.
Huamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo foleni,
darasani macho yake hufika kipindi cha tatu.
Akanyoosha mkono.
"Mheshimiwa Spika, nashika shilingi."
Na kweli aliishika: sarafu ya mia, ya ndoo mbili.
"Siiachii mpaka Waziri aniambie
pampu iliyokufa mwezi wa nne
ilizikwa wapi."

Chilewa akafungua makabrasha.
Makabrasha yalikuwa daftari la hisabati.
"Mheshimiwa Spika... Serikali inalifanyia kazi."
Tulicheka mpaka mbavu zikauma,
kisha tukaacha, mmoja mmoja,
maana Nyemo hakuwa akicheka
na mkono wake ulikuwa bado juu.

Nikaona nifunge kikao.
Waheshimiwa, nami naleta hoja:
Jumamosi mje, asubuhi mpaka saa nane.
"Wanaoafiki?" akauliza Sechelela, kwa mazoea.
Ndiyo tatu, nyembamba.
"Wasioafiki?"

Siyo.

Haikuwa kelele. Ilikuwa na uzito
wa gunia linaloshushwa na watu wanaolijua.
Lugazo akasimama, kola imepinda:
"Jumamosi ni mnada, Mheshimiwa. Nusu yetu tunaswaga ng'ombe.
Jumatatu tutakaa mpaka jua lizame."

Miaka kumi na tisa kazini,
fimbo yangu iko juu ya kabati, kila mtu anajua iko wapi.
Nikamtazama Spika. Spika akanitazama.
Safari hii mimi ndiye niliyetazama sakafu.

"Nadhani," akasema Sechelela, sauti ikimtetemeka kidogo,
"nadhani waliosema siyo wameshinda."

Mlangoni mama Ndahani anabisha hodi, kaja kuchukua mchi wake.
Nikaubandua karatasi taratibu, zisichanike.
Jumatatu tutazihitaji.